Korosho Nyeusi za Duka la Asia

Jumatatu, 2 Desemba

Mke wangu Asia kaondoka asubuhi kwenda Newala. Mama mkwe kateleza, mguu umevunjika. Nimeachiwa duka. Mimi! Peke yangu!

Kaniachia masharti matatu, akiwa tayari amepanda bodaboda: nisikopeshe mtu, nisipange upya rafu, na nisifikirie. Hilo la tatu niliona ni uonevu. Nikamwambia mwanamume wa miaka hamsini na mbili hakatazwi kufikiria. Akasema anajua hakatazwi, ndiyo maana yeye anaomba tu. Bodaboda ikaondoka.

Duka ni lake, tusidanganyane. Jina lake ukutani, mtaji wake, akili yake. Langu ni benchi la nje. Lakini akirudi atalikuta limenona. Nimejiapia.

Shida ikaanza hata chai sijanywa. Fedha za mnada wa korosho zimeingia benki, kijiji kizima kinatembea na noti za elfu kumi. Chenji hakuna. Bi Saida, jirani yetu wa nyuma, kaja na elfu kumi yake kununua chumvi na kiberiti. Nikapekua mpaka chini ya gunia la sukari. Iliyopungua nikamjazia kwa pipi. Akazimwaga mezani, akafungua kinywa, akaniambia nimwonyeshe jino la kutafunia, likipatikana atazichukua. Sikuliona. Akavuka barabara kwenda kwa Arsenio.

Arsenio! Ana duka, ana uwakala wa pesa za simu, ana kopo la maziwa limejaa sarafu hadi juu. Baba yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akaoa hapa, na mimi na Arsenio tuliingia jando pamoja. Tangu mwaka ule anawasimulia watu kwamba mimi ndiye niliyelia kwanza. Si kweli. Tulilia pamoja.

Nikaenda kumwomba chenji ya elfu hamsini. Akanihesabia elfu arobaini na tano. Nikauliza elfu tano iko wapi. Akasema hiyo ni ya uchovu wa vidole. Nikakataa kwa heshima. Heshima yenyewe ilikuwa kidogo.

Jumanne, 3 Desemba

Nimefikiria.

Ilikuwa bahati mbaya. Nilikaa kwa Domingo mchongaji, namtazama anavyokata bangili za mpingo, vile vipande vya mviringo vya katikati vinadondoka chini. Vidogo, vyeusi, vinang'aa. Nikaokota kimoja. Nikakirusha juu, nikakidaka. Kikatua mkononi kama sarafu. Hapo hapo nikayaona maisha yangu yote yaliyobaki.

Mpango ni huu. Chenji ikikosekana, nampa mteja kipande. Kila kipande ni shilingi mia tano za Duka la Asia. Siku yoyote akikileta anapata bidhaa, au mia tano yake taslimu. Hakuna anayedhulumiwa. Arsenio abaki na kopo lake!

Domingo akauliza achonge nini juu yake. Nikapendekeza uso wangu. Akanitazama, akakitazama kipande, akasema nafasi haitoshi, hasa kwa pua. Tukakubaliana korosho.

Nikamwuliza kwa upole, nani atamzuia yeye kujichongea vyake. Domingo kanuna mpaka adhuhuri. Akasema mtu anayechonga nguzo ya watu kumi na wawili wamebebana, kila mmoja na vidole vyake, hajishushi kuiba mia tano mia tano. Nikaomba radhi. Akaendelea kununa, ila akachonga.

Alhamisi, 5 Desemba

Vimepokelewa! Watu wanaviita korosho nyeusi. Rozalia, mama ntilie wa pale kwenye kona, kaanza kuzipokea kwa chapati: korosho moja, chapati moja. Sikumwomba. Kaamua mwenyewe, kwa sababu anajua akizileta kwangu anapata unga. Bi Saida kachukua za chenji yake bila kulalamika. Kasema hizi hazihitaji meno.

Mchana Arsenio akasimama mlangoni pake, mikono kiunoni, akapaza sauti barabara nzima isikie: Gavana, hujambo? Benki Kuu imeamkaje? Watu wakacheka. Nikampungia mkono kama anavyopunga gavana.

Jumamosi, 7 Desemba

Jambo la ajabu. Hazirudi! Natoa asubuhi, natoa jioni, na wanaozirudisha ni wa kuhesabu. Nimekaa benchi nikitafuta sababu, nikaipata. Imani. Watu wananiamini. Nimejitazama kwenye kioo cha Asia. Kuna kitu usoni, siwezi kukataa.

Na kama hazirudi, basi hizi noti za elfu kumi zilizojaa kisandukuni ni za nani? Za duka! Nimekwenda mjini, soko la Chikongola, nikanunua miavuli. Boksi zima, bei ya jumla. Mvua zimekaribia, kila mtu anasema. Muuzaji akaniuliza kama nina hakika na rangi ya zambarau. Nina hakika.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo nimegundua jambo kubwa kuliko lile la kwanza.

Domingo kaja kudai ujira wake. Shilingi sina, zote ni miavuli. Nikamlipa kwa korosho nyeusi. Akazitazama, alizozichonga mwenyewe, akazitia mfukoni, akaenda zake! Nimemlipa mtu kwa kazi yake mwenyewe, na kaniambia ahsante.

Basi kwa nini nisubiri mteja akose chenji? Nimemwagiza nyingine, ndoo nzima. Jioni nikaenda kwa Isaya, mwenyekiti wa kitongoji, kumnunua beberu wake mweupe niliyemtamani tangu mwaka juzi.

Isaya ni mtu wa taratibu. Akauliza kama inaruhusiwa mtu kujitengenezea pesa. Nikasema hii si pesa, ni ahadi. Akatoa noti mfukoni, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akauliza basi hii ni nini. Nikasema hiyo nayo ni ahadi, ila ya watu wakubwa zaidi. Akauliza hao wakubwa wakishindwa kuitimiza, mtu anakwenda kugonga mlango gani. Nikasema nitamletea jibu. Akafikiri. Akasema mlango wangu angalau anaujua. Akanifungulia beberu.

Alitaka korosho nyingi kidogo. Sikuzihesabu. Anayetengeneza pesa hahesabu. Wanaohesabu ni wale wasiokuwa nazo.

Alhamisi, 12 Desemba

Rozalia kapandisha chapati! Korosho mbili badala ya moja. Ukilipa kwa shilingi, bado ni mia tano ile ile. Nikamwuliza korosho zangu zina kosa gani. Akasema hazina kosa, ni nyingi tu. Droo yake imejaa, akiivuta inalia kama mtu anapanga kuni. Na mwenyekiti alipouza beberu kwa miti, kijiji kizima kimeshajua miti iko mingi kwa nani. Nikamwambia hiyo ni tamaa. Akasema sawa baba, ni tamaa, na chapati ni mbili.

Sielewi binadamu. Natoa korosho nyingi ili kila mtu awe nazo, na kila mtu analalamika kwamba kila mtu anazo. Nikaondoka na chapati tatu kwa korosho sita. Beberu kala moja.

Jana nilirudi Chikongola kuongeza maboksi mawili. Ukichukua mengi wanapunguza bei. Mvua haijanyesha. Mwavuli nimeuza mmoja, na aliyeununua alitaka wa kujikinga na jua.

Asia kapiga simu. Mama anaendelea vizuri. Akauliza hali ya duka. Nikasema limejaa. Ni kweli, hata pa kukanyaga hapana. Akauliza kama nimefikiria. Mtandao ukakatika. Ulikatika wenyewe, naandika ili ijulikane.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku mbaya.

Leo mwali katoka unyagoni. Latifa, mjukuu wa Bi Saida. Kamaliza darasa la saba, kachaguliwa shule ya bweni, na bibi yake kasema haendi popote kabla hajachezwa ngoma kama wenzake. Uwanja ulijaa. Mwali kaletwa, kanga mpya, uso chini, mafuta yanang'aa mabegani. Kakalishwa mkekani, beseni mbele yake. Ngoma zikaanza, watu wakaanza kumtunza kwa pesa.

Shangazi yake wa kwanza akaja mbele akicheza, akafungua pindo la kanga, akadondosha. Tak! Korosho nyeusi. Akarudi nyuma akicheza, akaja tena. Tak! Akafuata wa pili. Wa tatu. Tak, tak, tak! Hapo ndipo nilipoelewa. Ukiwa na noti ya elfu kumi unacheza mara moja, unatoa, unakaa. Ukiwa na korosho ishirini unakwenda mbele mara ishirini, na kila mara kijiji kizima kinakuona wewe, kiuno chako na kanga yako.

Ndiyo maana hazikurudi. Haikuwa imani. Haukuwa uso wangu. Walikuwa wanaziweka kwa ajili ya ngoma! Nimezaliwa hapa. Ubwabwa wa ngoma za Desemba nimeula tangu sijaota meno. Na sikukumbuka kwamba Desemba kuna ngoma.

Arsenio alikuwa bega kwa bega na mimi. Kila korosho ikilia, ananipigia hesabu sikioni, taratibu, kwa sauti ya mtu anayefariji mfiwa. Alipofika laki moja akaacha, akasema ataendelea nikipata nafuu. Beseni lilipojaa, wakaleta la pili.

Na mimi nilimtunza mwali. Nilimpa mwavuli.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeamka na mpango. Nikaandika kwenye kadibodi nikaitundika mlangoni: LEO KOROSHO NYEUSI HAZIPOKELEWI, MASHINE MBOVU. Mashine haipo. Lakini watu huiheshimu mashine mbovu kuliko mtu mzima. Ningepata siku mbili tatu za kutafuta ubovu mwingine.

Nikaingia ndani kunywa chai. Nilipotoka, beberu alikuwa anamalizia neno MBOVU.

Na Bi Saida ameshafika. Beseni kichwani, Latifa nyuma yake na la pili. Wakatua benchini kwangu. Bi Saida akasema hana haraka, leo hajapika.

Latifa akapiga goti. Shikamoo babu, akasema. Babu! Nina miaka hamsini na mbili! Akanishukuru kwa korosho zangu, eti bila hizo asingetunzwa na watu wengi namna ile, hata wasio na kitu walipata cha kuja nacho mbele. Kashapanga kila kitu. Akazitoa mafungu mafungu juu ya benchi, akigusa kila fungu kwa kidole. Hili godoro. Hili tranka. Hili sare. Hizi chache ndoo na madaftari. Hakuna fungu aliloliita mti.

Nilikuwa na maneno tayari. Kwamba korosho zilizochezewa ngoma zina utaratibu wake. Kwamba bei zimepanda, kwa hiyo kila moja sasa inahesabiwa nusu. Kwamba nina miavuli ya zambarau inayofaa sana shule ya bweni. Yalikuwa maneno mazuri, yamepangika. Nikalitazama lile fungu la godoro. Yakakataa kutoka.

Nikafungua kisanduku cha pesa. Mlikuwa na elfu thelathini na saba na risiti za miavuli.

Habari zikavuka kijiji. Wa kwanza kumwona Bi Saida kakaa pale na mabeseni akakimbilia kwake kuchukua za kwake. Wa pili akamfuata wa kwanza bila kuuliza. Kufikia adhuhuri watu wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na kifuko chake, wote wanataka shilingi, wote leo. Rozalia alikuja na droo nzima kaichomoa mezani. Isaya nilimwona nyuma kabisa, anautazama mlango wangu, ule anaoujua.

Nyuma yangu rafu za Asia. Miaka kumi na tano ya Asia, kilo ya sukari juu ya kilo ya sukari. Watu wale wakiingia watabeba unga, watabeba mafuta, na atakaporudi atanikuta mimi na miavuli. Nilimwomba Mungu mvua.

Alikuja Arsenio.

Kavuka barabara, kopo la maziwa kwapani. Nikafumba macho nisimwone anavyofurahi. Akapanda juu ya kreti ya soda, akatangaza kwamba dukani kwake korosho nyeusi inapokelewa, moja kwa mia tano, leo, kesho na keshokutwa, watu wasikanyagane, asiyeamini aje mbele. Akalitikisa kopo. Likalia vizuri.

Wawili wakaenda kujaribu. Wakapewa mia tano zao, wakarudi wakiwaonyesha wenzao. Waliobaki wakavitazama vifuko vyao upya, kama mtu aliyetaka kuuza kuku halafu akamkumbuka. Rozalia akasema kama ndiyo hivyo, basi yeye za kwake zina haraka gani, akabeba droo. Mmoja mmoja wakaondoka. Benchi likabaki na Bi Saida, Latifa na beberu.

Nikamwuliza Arsenio pembeni, lile kopo lingewatosha watu wangapi. Akalifunua. Sarafu juu, tabaka moja. Chini mchanga. Mchanga wa hapa hapa, tangu siku aliyofungua duka. Akaniambia nifunge mdomo. Na nisijione, hakufanya kwa ajili ya mtu aliyelia kwanza jandoni. Kamfanyia shemeji yake Asia.

Jumatatu, 16 Desemba

Siku ya kumlipa Latifa.

Isaya kakubali kumchukua beberu kwa shilingi, ila kapunguza bei. Eti ni beberu aliyetumika. Redio yangu kainunua Domingo. Alianza kutoa korosho mfukoni, nikaushika mkono wake. Baiskeli na iliyobaki yote ni Arsenio: baiskeli kainunua, iliyobaki kanikopesha, na safari hii vidole vyake havikuchoka. Sharti lake moja. Mwaka mzima mkate nitanunua kwake, nivuke barabara mchana, watu wakiniona. Nimekubali. Mkate wake mgumu kama benchi.

Latifa kapokea pesa yake kamili. Akaniuliza kama naweza kumwachia korosho moja, ya kukumbukia ngoma yake. Nikampa. Nikataka kusema ni mia tano. Bi Saida akanitazama. Nikasema ni zawadi.

Jumanne, 17 Desemba

Asia karudi. Rozalia kamsimulia yote kabla begi halijagusa chini.

Kaingia, katazama rafu, katazama miavuli, kanitazama mimi. Swali lake la kwanza: mtoto wa watu kalipwa? Nikasema kalipwa yote. Kwa pesa gani? Nikasema ya kweli. Akakaa juu ya gunia la mchele, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Halafu akaacha kucheka. Sehemu hiyo siiandiki.

Baada ya adhuhuri mvua ikashuka. Kubwa, ya kwanza! Watu wakaja mbio wameloa, miavuli ikaisha hata alasiri haijaadhiniwa, na ya zambarau ndiyo iliyogombewa. Nikamwambia Asia, unaona? Nilikuwa sahihi, nilitangulia tu kidogo. Kaokota korosho moja kwenye beseni, kaigeuza geuza, akasema Domingo ana mkono. Kaitoboa akaifunga kwenye ufunguo wa duka. Nyingine zote kazitia jikoni. Mpingo unawaka polepole sana. Chai ilikuwa tamu, nikikumbuka imechemshwa kwa ahadi ngapi.

Ijumaa, 20 Desemba

Asia karudi Newala kumleta mama aje augulie kwetu. Ufunguo wa duka, pamoja na korosho yake, kamwachia Arsenio. Mimi kaniachia sharti moja tu. Lile la tatu.

Nimetulia. Nimejifunza. Pesa si mchezo. Pesa ni neno la mtu, na neno la mtu lazima liwe na kitu chini yake, hata kama ni mchanga. Haya yote nimemweleza Rozalia asubuhi hii nikinywa chai yake. Akasema sawa baba.

Wakati wa kulipa nikakuta sina hata shilingi. Nikapapasa suruali, ile niliyoivaa siku ya ngoma. Mfukoni korosho moja, imenusurika na moto wa Asia. Nikamwonyesha Rozalia, kwa utani tu. Akaichukua bila kuitazama, akaitupia kwenye droo. Akanirudishia chenji!

Chai mia tatu. Mia mbili mkononi mwangu, sarafu halisi, ya baridi. Nimeitazama mpaka Rozalia akauliza kama imepungua.

Nimepitia kwa Domingo. Kumsalimia tu. Akaniuliza ngapi. Nikamwambia safari hii chache.